ThinkPad T470 used ya Kariakoo: video za HD zinateleza, ila soma namba ya prosesa kabla hujatoa hela

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama unatafuta laptop ya laki tano na kitu ya kuangalia video za HD bila kukwamakwama, yaani YouTube ya 1080p, marudio ya mechi, video za sendoff kutoka kwa kamerameni, basi T470 yenye prosesa ya jenereshen ya 7 inakutosha kabisa. Yenye jenereshen ya 6 iache hapohapo mezani. Na hapo ndo penye kazi, maana kwa macho zote mbili ni laptop ileile, kava lilelile, zote zinaitwa Core i5, na winga (yule dalali anayekuvutia wateja dukani) atakuapia mbingu na ardhi kwamba hazina tofauti.

Tofauti ipo. Lenovo waliitoa hii T470 mwaka 2017 na wakaiuza na prosesa za aina zote mbili, zipo zenye i5-6200U na i5-6300U, na zipo zenye i5-7200U na i5-7300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo jenereshen. Usiulize, bofya mwenyewe kulia kwenye This PC, Properties, soma.

Watu wengi tunajua RAM na SSD tu so ngoja niseme kwa nini hiyo namba ina maana. Video yoyote unayoangalia imebanwa, isingebanwa dakika moja tu ingemaliza bando la wiki. Laptop ikiipokea inabidi iifungue frem (picha) moja moja, 25 au 30 au 60 kila sekunde, na kazi hiyo inafanywa ama na prosesa yenyewe kwa jasho, ama na sakiti maalumu iliyo ndani ya chipu ya grafiki ambayo haijui kazi nyingine yoyote zaidi ya hiyo na inaifanya hata feni haijui kama kuna kitu kinaendelea. Sasa hiyo sakiti inafungua kodeki, yaani namna za kubana video, ilizotoka nazo kiwandani tu, hakuna kuapdeti hapo. H.264 ni ya zamani, karibu kila laptop ya Intel tangu jenereshen ya 2 ya mwaka 2011 inaifungua vizuri. Lakini YouTube kwenye Chrome mara nyingi inakupa VP9, na iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinarekodi H.265. Jenereshen ya 6 inaiweza H.265 ya kawaida ya biti 8, ila ya biti 10 (yenye ngazi nyingi zaidi za rangi) na VP9 inafanya nusunusu, sehemu kubwa ya mzigo inarudi kwa prosesa yenye kora 2. Jenereshen ya 7 inafungua zote mbili zenyewe kwenye sakiti. Hata Netflix walipoanza kuruhusu 4K kwenye kompyuta mwishoni mwa 2016 walianza na jenereshen ya 7, kwa Intel chini ya hapo ulikuwa hupati.

Basi nikaenda Kariakoo, mitaa ya Aggrey, duka silitaji maana kuna mazuri na mabaya yao na sitaki kesi. Winga akanipokea, "Karibu boss, hii Core i5, RAM nane, SSD mbili hamsini na sita, moto wa kuotea mbali." Nikamwambia sawa kaka, naomba niwashie hii na ile ya pembeni. Ile ya pembeni ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, siitaji, i5 jenereshen ya 6, bei karibu sawa. Nikaziwashia hotspoti ya simu yangu zote mbili (bando langu, ndio, lakini bora nipoteze GB moja kuliko laki tano), nikafungua video ileile ya YouTube, 1080p ya frem 60, hailaiti za mpira.

Hapa ndo uangalie kwa makini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, shuka chini kabisa kwenye GPU, utaona vigrafu vidogo vinne, kimoja kimeandikwa Video Decode. Kwenye T470 hicho kigrafu kilipanda kikatulia na prosesa ikabaki chini, inapumzika tu. Kwenye ile nyingine Video Decode ililala chali na prosesa ikapanda juu kabisa ikagoma kushuka, feni ikaanza kulia mpaka dada aliyekuwa anauza makava ya simu meza ya jirani akageuka. Kisha bofya kulia juu ya video yenyewe, chagua Stats for nerds, pale kwenye Codecs ikianza na avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1 (kodeki mpya zaidi), na mstari wa Frames unakwambia frem ngapi zimedondoshwa. T470 ilidondosha chache mwanzoni wakati natanua skrini, basi. Ile nyingine namba ilikuwa inapanda kama mita ya bodaboda. Winga mwenyewe akainama kuangalia akasema "kumbe hivi vitu vipo."

Kwa macho ya kawaida kukwama huko unakuona wapi? Sio mtu akiwa amekaa anaongea, hapo hata laptop mbovu inajitahidi. Angalia kamera inapofuata mpira mrefu kutoka goli moja hadi lingine, mistari ya uwanja na mabango ya matangazo, kama vinaruka hatua hatua badala ya kuteleza ujue frem zinadondoka. Au majina yanayopanda mwisho wa filamu. Mimi najaribia hapo.

Na tafadhali tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kikiwa kiduara kinazunguka katikati ya skrini hiyo ni mtandao, laptop haina kosa, shusha iwe 720p au subiri usiku. Lakini picha ikiwa inarukaruka huku sauti inaendelea kama kawaida, au midomo na sauti haviendani, mara nyingi hiyo ni mashine, na hata ufunge faiba ya bei gani haitakusaidia. Kuna watu wamebadilisha laini mpaka wamechoka na tatizo liko kwenye prosesa.

Nimeichukua laki tano na sitini, winga alianzia saba. i5-7300U, RAM 8, SSD 256, skrini ya FHD. Hiyo FHD nayo iangalie, T470 zilitoka pia na skrini ya 1366 kwa 768, na kwenye skrini hiyo hata ukichagua 1080p unaangalia picha iliyopunguzwa, umelipia bando la bure. Bofya kulia kwenye desktop, Display settings, isome 1920 kwa 1080. Skrini za hizi mashine sio za kung'aa sana, mwangaza wake ni niti 250, barazani saa saba mchana unajiona uso wako, ndani iko poa. Spika ziko upande wa chini kwa hiyo ukiiweka kitandani sauti inamezwa na godoro, tumia earphone au spika ya bluetooth. Betri ziko mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomoka bila bisibisi, umeme ukikatika unaendelea na filamu yako, na ile ya nyuma ikichoka unabadilisha peke yake.

Programu sasa. Mtihani wangu mkubwa ulikuwa video ya sendoff ya mdogo wetu, kamerameni kaileta kwenye flashi, 4K, H.265 ya biti 10. Playa ya Windows ikadai nikanunue kiongezeo cha HEVC (jina lingine la H.265) dukani kwao, senti 99 za dola, sio hela nyingi ila ukiwa huna kadi ya kulipia mtandaoni ndo mwisho wa safari. Nikaweka playa ya VLC, hiyo ni ya bure, inatengenezwa na shirika la VideoLAN la Ufaransa lisilo la kibiashara, ikafungua bila swali na ikateleza mwanzo mwisho, mpaka shangazi wanavyoingia na vigelegele kitambaa cha dhahabu kinametameta hakikuganda hata mara moja. Kwenye VLC hakikisha Preferences, Input / Codecs, Hardware-accelerated decoding iko Automatic. Kuna mpv pia, nyepesi sana na mimi ndo naipenda, haina mabatani mengi, ila yenyewe kwa kawaida inaanza kwa kutumia prosesa, bonyeza Ctrl na h ndo inahamia kwenye sakiti ya grafiki. Wengi wanaiponda bila kujua hilo.

Angalizo moja kwa nyie makamerameni. Klipu mbichi kutoka kwenye kamera za kisasa, H.265 ile ya 4:2:2 (inayotunza rangi zaidi kuliko video ya kawaida), hii mashine haiwezi kuzifungua kwenye sakiti, Intel walianza kuziweza hizo na chipu zao za Ice Lake za jenereshen ya 10. Ya kuangalia ni hii, ya kuedit tafuta nyingine.

AV1 nayo haipo humu, Intel waliiweka kuanzia jenereshen ya 11 mwaka 2020, na YouTube inaitoa kwenye video nyingi siku hizi. Dawa ni ndogo: kwenye setingi za akaunti yako ya YouTube, sehemu ya Playback, chagua AV1 itumike kwa SD (video za ubora wa chini) tu, HD zitarudi VP9. Kama una laptop ya zamani zaidi na hutaki kununua nyingine, weka kiongezeo cha aina ya h264ify kwenye Chrome, kinailazimisha YouTube itoe H.264 ambayo mashine yako inaiweza. Kuna gharama yake, H.264 inakula bando zaidi ya VP9 kwa ubora uleule na haivuki 1080p. Lakini ni bure na inaponesha laptop nyingi ambazo mafundi wanataka kuziuzia RAM.

Eeh, mafundi. Ukipeleka laptop ukasema video zinakwama, jibu la kwanza ni "ongeza RAM mkuu." Ukiwa na GB 4 na tabu thelathini za Chrome sawa, atakuwa sahihi. Ukiwa na 8, video moja ya 1080p haina shida na RAM yako, mwambie akupigie hewa feni na abadilishe ile gundi ya joto ya prosesa kwanza, kwa vumbi na joto la Dar mashine iliyokaa miaka bila kufunguliwa inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Kingine chaja. Baadhi ya laptop zikichomekwa chaja ambayo hazitambui wati zake zinashusha prosesa mpaka chini kabisa, unaona ukichomoa chaja video inateleza, ukichomeka inakwama, na mtu anazunguka mjini anatafuta virusi.

Kuna kukwama kumoja ambako hakutokani na udhaifu wa laptop, iwe ya laki tano au ya milioni tatu. Matangazo ya TV ya huku kwetu yanarushwa kwa frem 25 au 50, skrini za laptop nyingi zinajichora upya mara 60 kwa sekunde, 50 haiingii kwenye 60 vizuri kwa hiyo kuna frem zinakaa muda mrefu kuliko wenzake na unaona kamtetemo kadogo kamera ikitembea. Ukichomeka kwenye TV kwa HDMI nenda Advanced display uiweke 50Hz, TV nyingi zinakubali, na mpira unateleza kama unaangalia kwenye king'amuzi. Sisi tunafanya hivyo kila kukiwa na marudio ya dabi na hakuna anayelalamika tena, isipokuwa shabiki wa timu iliyofungwa.

Kitu cha kukukera ni Windows. Microsoft wamefunga sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na hizi i5 za jenereshen ya 7 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Wauzaji wanaweka 11 kwa ujanja wao na inatembea, mimi ya kwangu ilikuja hivyo, ila usishangae siku apdeti kubwa ikigoma. Mwenye laki moja na nusu ya kuongeza achukue T480 yenye i5-8250U au 8350U, hizo kora ni 4 na Windows 11 inaingia kihalali.

Duka lenyewe: waliniruhusu kujaribu bila kununa, risiti ya EFD wametoa, begi wamenipa baada ya kubembelezana. Waranti ni mwezi mmoja na haihusu betri wala chaja, hilo walilisema baada ya hela kuingia, kwa hiyo wewe uliza kabla.