Sola nyumbani Dodoma: kabla hujaongeza paneli, panda juu ya bati

Natumia sola tangu 2021, nyumba ya kawaida ya familia hapa Nzuguni, Dodoma, na ndani yake kuna friza ninayouzia barafu na maji baridi. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu ambao umeme wao unaisha saa nane usiku na kila wakimwita mtu anawaambia waongeze paneli. Na mimi niliambiwa niongeze mbili. Sikununua hata moja. Leo friza inagandisha, feni zinazunguka mpaka asubuhi, na alfajiri betri ninaikuta na karibu nusu ya chaji yake.

Vifaa nilivyonavyo ni hivi: paneli sita za wati 550, inveta haibridi ya kilowati 5 (inayounganisha paneli, betri na umeme wa TANESCO), na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea 100, inayohifadhi uniti 5 na kidogo. TANESCO haijaondoka. Inabeba hita ya kuogea, ambayo peke yake inavuta karibu kilowati 5, na inasaidia siku za mawingu mazito.

Betri nilizouziwa mwanzoni zilikuwa za jeli, nne za volti 12, na hizo siwezi kumshauri mtu mwenye friza. Betri ya namna hiyo ikiwa imejaa na imetulia inasoma volti 12.7 hivi, ikifika 12.2 imebaki nusu, na ukiishusha chini ya hapo kila siku unaila maisha. Aliyefunga aliiacha inveta na mpangilio wa kiwandani, ikate umeme betri zikifika volti 10.5 kila moja. Maana yake kila usiku zilikamuliwa mpaka tone la mwisho. Hazikufikisha miaka miwili, na nilipompigia aliniambia betri ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Mpangilio ule unabadilishwa kwa vitufe vya kwenye inveta, dakika tano tu. Kama bado unatumia jeli au betri za maji, leo hii mwambie fundi wako akuoneshe namba hiyo kwa macho yako. Na za maji ziongezewe maji ya betri yasiyo na chumvi (distilled), yasiwe ya bomba.

Lithiamu ilinigharimu shilingi milioni 2.9, na katika vitu vyote nilivyonunua ndicho kinachostahili bei yake. Inavumilia kushushwa mpaka asilimia 20 bila kudhurika, na inapokea chaji haraka, kwa hiyo asubuhi yenye jua zuri inakuwa imejaa kabla ya adhuhuri.

Sasa nije kwenye paneli, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo hauishi, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Aliyetufungia alituagiza tuwe tunamwagia paneli maji ya bomba kila wiki, basi. Tukafanya hivyo. Lakini umeme ulizidi kupungua. Mwaka jana nikamwita fundi mwingine kwa huduma ya mwaka, kijana mtulivu, akapanda na kuita kutoka juu: "Mama, panda uone mwenyewe." Nikapanda. Akanishika mkono akanipitisha kidole kwenye kioo. Palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, wenye michirizi inayofuata njia ya maji, na ukingo wa chini wa kila paneli ulikuwa umeshika utando mzito kama ule wa ndani ya birika. "Hili siyo vumbi," akasema. "Hii ni chumvi ya maji yenu."

Anayeishi Dodoma anajua. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe na ni maji magumu. Ukiyamwaga kwenye kioo chenye moto yanakauka hapohapo na chumvi inabaki, na wiki inayofuata unaongeza nyingine juu yake. Vumbi nalo linanasa kwenye chumvi. Utando wa ukingo wa chini ndio mbaya zaidi, kwa sababu seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano. Mstari mmoja ukifunikwa unazibana na zile zilizo safi. Kinyesi cha ndege kinafanya vilevile, na sehemu iliyozibwa inapata joto kali mpaka inaweza kuungua.

Alichofanya ni kuchanganya siki nyeupe na maji, akaloweka kitambaa laini, akakilaza juu ya ukoko kwa muda kisha akafuta bila kukwangua. Stilwuli ya kusugulia sufuria hakuigusa, wala sabuni ya unga, kwa sababu vinakwaruza kioo. Akamalizia kwa maji ya mvua niliyokuwa nimehifadhi kwenye pipa. Kazi yote ilifanyika asubuhi saa moja, jua halijapata nguvu. Maji ya baridi kwenye kioo kilichochomwa na jua la saa saba yanaweza kukipasua.

Kabla ya kuosha, saa sita mchana paneli zote sita zilikuwa zinatoa wati 1,900 hivi. Kesho yake, saa ileile na anga ileile, zilitoa wati 2,400. Ila hapa pana jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: usipime wakati betri imejaa. Betri ikijaa inveta inazipunguzia paneli kasi, na utaona wati 600 ukadhani paneli zimekufa. Mimi huwasha pampu na pasi kwanza, nikahakikisha kuna mahitaji makubwa, ndipo nisome skrini.

Na usitegemee kuona wati 3,300, yaani sita mara 550. Namba ya kwenye kibandiko imepimwa maabara, seli zikiwa kwenye nyuzi joto 25. Juu ya bati la Dodoma mchana seli zinafika nyuzi 65 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi inapunguza kama asilimia 0.35 ya nguvu. Kwa nyuzi 40 za ziada umeshapoteza asilimia 14 hata paneli ziking'aa. Dawa ni hewa. Paneli zangu zilikuwa zimelala karibu kabisa na bati. Fundi akaziinua zikawa na nafasi ya kupitisha mkono mzima chini yake. Zinatazama kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta, na zimeinama nyuzi kama 15, kiasi cha kuwezesha mvua kushuka na uchafu. Paneli zilizolala bapa kama sakafu hazijioshi.

Siku hizi utaratibu wetu ni brashi laini yenye mpini mrefu, kavu, kila baada ya wiki mbili za kiangazi, alfajiri. Maji tunatumia yale ya mvua tu. Kuanzia Desemba mvua zikianza hatugusi kitu, mbingu inafanya kazi yenyewe.

Kitu kingine alichokigundua juu kilinitia hofu kwelikweli. Kwenye kiunganishi kimoja cha waya za paneli, plastiki ilikuwa imebadilika rangi na kuvimba. Upande mmoja ulikuwa wa mtengenezaji mmoja, upande wa pili wa mwingine; vinaingiana lakini havishikani sawasawa, na pasiposhikana pana joto. Umeme wa paneli ukirusha cheche haukatiki kirahisi kama ule wa ukutani, unaendelea kuchoma. Alizima swichi ya paneli kwanza, akapima, ndipo akakata na kufunga jozi mpya inayofanana. Akakaza na skurubu za nyaya za betri, akasafisha feni ya inveta iliyojaa vumbi na mijusi miwili iliyokauka, akakagua waya wa ethi. Alinitoza shilingi 80,000. Kwa moto ambao haukutokea, sina cha kulalamika.

Umeme sasa ulikuwa umeongezeka, lakini betri ilikuwa bado inaisha mapema. Hapo ndipo tukashuka ndani na kipimo cha kubana kwenye waya, tukazima kila kitu na kuwasha kimoja kimoja.

Inveta yenyewe, nyumba nzima ikiwa imezimwa, inakula wati 55. Zidisha kwa saa 24: uniti 1.3 kila siku kwa ajili ya kuwa macho tu. Hii ndiyo kasoro yangu kubwa kwa inveta hii, na dukani hakuna aliyenitajia. Ukienda kununua, uliza inakula kiasi gani ikiwa haina mzigo, na usichukue ya kilowati 5 kama nyumba yako haivuki 3. Kwangu imebidi niivumilie.

Feni tatu za darini za zamani zilikuwa wati 75 kila moja. Kwa saa nane za usiku hizo ni uniti 1.8. Nilizibadilisha kwa feni za mota ya DC (umeme wa aina ya betri), wati 30, upepo uleule, na matumizi yakashuka hadi uniti 0.7. Taa zilikuwa za LED tayari. King'amuzi na redio sasa viko kwenye soketi yenye swichi, na wa mwisho kulala anaizima.

Friza ndiyo iliyokuwa na mengi. Fundi alichukua noti ya elfu moja, akafungia mlango juu yake, akaivuta. Upande wa bawaba noti ilishika; upande wa mkono ikatoka bila kukwama. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, baridi inatoka usiku kucha na mashine hailali. Mpira mpya ulipatikana sokoni Majengo kwa bei ambayo haifiki hata robo ya paneli moja. Tukayeyusha barafu iliyoganda ukutani, unene wa vidole viwili, tukaisogeza friza mbali na ukuta ipumue, tukaitoa kwenye jua la dirishani.

Kisha nikabadilisha saa. Friza sasa ninaipa kazi mchana. Saa nne asubuhi jua likipanda ninapanga chupa na mifuko ya maji, ninaiweka kwenye baridi kali mpaka saa kumi. Jioni wateja wanachukua yao, ila chupa kubwa kadhaa zinabaki ndani siku zote, zimeganda mawe. Saa nne usiku ninaizima mpaka alfajiri, na zile chupa zinashikilia baridi. Nikifungua asubuhi samaki wako vilevile. Nimehamisha kazi ya betri nikaipa barafu, na barafu haichakai.

Mengine yamefuata mkondo huohuo. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki inawashwa kuanzia saa tano, pasi ya sare za shule ni Jumamosi mchana badala ya usiku wa Jumapili, na maharage yanapikwa kwenye jiko la presha la umeme saa saba mchana, wakati betri imejaa na paneli hazina pa kupeleka umeme wake. Mama mkwe wangu alikuwa na wasiwasi na jiko hilo, sasa ndiye analiulizia. Mkaa kwangu umebaki wa kuchomea mahindi.

Upande wa fedha niseme ukweli, maana matangazo ya sola yanapenda kuahidi. Kabla ya sola tulikuwa tunatumia kama uniti 250 kwa mwezi. LUKU ya elfu kumi inanipa uniti 28, kwa hiyo uniti ni shilingi 357. Sasa TANESCO inanipa uniti 60 hivi kwa mwezi. Ninaokoa kama shilingi 68,000. Mfumo wote, pamoja na betri za jeli zilizokufa, umenila zaidi ya milioni 8, na ukihesabu LUKU pekee inachukua karibu miaka kumi kurudisha. Mwenye nyumba isiyo na biashara na umeme wake haukatiki sana, asikope kwa ajili hii. Kwangu hesabu ni tofauti kwa sababu ya friza. Wakati wa mgao wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuwashwa, mtaa mzima ulikuwa unayeyusha na mimi nilikuwa nauza barafu.

Kwa anayetaka kuanza na fedha kidogo ningesema anunue betri ya lithiamu na paneli nne, paneli zinaongezwa wakati wowote. Feni za DC zije kabla ya paneli ya tano. Dai risiti yenye namba za kila paneli na kila betri, uipige picha: dhamana ya paneli inaandikwa miaka 25, lakini bila namba hizo dukani hawatakutambua. Na mkubaliane na fundi huduma ya mwaka siku hiyohiyo anapofunga, kwa maandishi, afadhali iwe Agosti, kabla vumbi la Septemba halijashika.