Hafu bodi, fulu bodi au kifungua kinywa tu? Kulipia chakula cha hoteli kabla ya kuondoka Arusha au Moshi

Ukiomba bei ya loji ya Karatu au hoteli ya ufukweni, profoma, yaani hati ya bei inayotumwa kabla ya malipo, huja na herufi mbili mbili pembeni ya kila bei: BB, HB, FB na mara nyingine AI. BB ni kulala na kifungua kinywa. HB, ambayo watu wa hoteli huiita hafu bodi, huongeza chakula cha jioni. FB, yaani fulu bodi, huongeza na cha mchana. AI ni milo yote pamoja na vinywaji. Wengi hukimbilia FB kwa hofu kwamba watoto watalala njaa au bili ya mwisho itawashtua. Hapo ndipo pesa inapopotea. Hoteli inakuuzia milo kwa idadi ya usiku unaolala, lakini wewe unakula kwa ratiba ya safari, na anayetoka Arusha au Moshi kwa gari hupitwa na milo kadhaa akiwa barabarani au porini.

Hesabu ya kukata shauri ni fupi. Toa bei ya BB kwenye bei ya HB: unachopata ndiyo bei ya chakula cha jioni kwa kulipia kabla. Toa HB kwenye FB: hiyo ni bei ya mchana. Kisha iulize hoteli mlo huohuo unauzwaje kwa mtu anayelipa papo hapo mgahawani. Gawanya jumla ya kulipia kabla kwa bei ya papo hapo ya mlo mmoja wa familia nzima. Jibu ni idadi ya milo mnayopaswa kuila pale hotelini ili pesa irudi.

Tuifanyie kazi kwa tarakimu za mfano. Wewe weka za profoma yako. Baba, mama na watoto wawili wa miaka 7 na 10 wanakwenda Karatu usiku mbili. Bei kwa mtu mzima kwa usiku ni BB 110,000, HB 150,000 na FB 180,000, na watoto ni nusu bei. Kwa malipo, familia hiyo ni sawa na watu wazima watatu. Chakula cha jioni cha kulipia kabla ni 40,000 mara tatu mara usiku mbili, yaani 240,000. Papo hapo bufee ni 45,000 kwa mtu mzima, hivyo mlo mmoja wa familia ni 135,000. Gawanya 240,000 kwa 135,000, unapata kama 1.8. Maana yake lazima mle hotelini jioni zote mbili, na faida yenu hapo ni 30,000. Jioni moja mkishuka Karatu mjini mkala kuku, chipsi, kachumbari na soda kwa 60,000, basi kulipa papo hapo kungewagharimu 195,000 tu, yaani 45,000 pungufu ya kulipia hafu bodi jioni zote mbili.

Sasa mchana. Kuongeza FB kunagharimu 30,000 mara tatu mara mbili, yaani 180,000 kwa milo miwili. Kwa hesabu ya kawaida ya hoteli, fulu bodi huanza na chakula cha jioni siku ya kufika na kuisha na cha mchana siku ya kuondoka. Siku ya pili mchana mko chini kwenye kreta ya Ngorongoro, kwa hiyo mnapewa boksi la chakula. Siku ya tatu chumba kinatakiwa saa 4 asubuhi na bufee ya mchana inafunguliwa saa 6:30. Muda huo mtakuwa mmeshapita Makuyuni. Mmelipa 180,000, mmepata maboksi manne.

Kwa familia nyingi za huku, chaguo hizi tunazipanga hivi.

Ya kwanza: hafu bodi, kwa loji zilizo nje ya geti, usiku mbili au zaidi

Hii inafaa Karatu, Mto wa Mbu na loji za mashambani miguuni mwa milima. Mageti ya hifadhi hufungwa saa 12 jioni. Mnarudi mmejaa vumbi, watoto wanasinzia, na Karatu usiku baridi ni kali. Loji nyingi ziko mbali na lami, na hakuna anayependa kuendesha tena gizani kwenda kutafuta chakula. Mlo wa jioni mtaula kweli, na ndiyo maana unastahili kulipiwa kabla.

Ila kagua usiku wa kwanza. Mkitoka Arusha Ijumaa baada ya kazi, saa 11 jioni, mtafika Karatu kama saa 2 usiku au zaidi, ukihesabu vijiji vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Jiko likifunga saa 3, foleni moja ya kutoka mjini inatosha kuwakosesha mlo mliolipia, na mlo uliopitwa haurudishiwi pesa. Omba usiku wa kwanza uwe BB na wa pili HB. Hoteli nyingi hukubali kuchanganya ukisema kabla profoma haijatoka. Ikishatoka, mhasibu ana sababu ya kukataa. Mkibaki na HB usiku wote, pigeni simu mkifika Mto wa Mbu ili sahani zenu zihifadhiwe.

Chakula cha mchana beba mwenyewe. Boksi la hoteli huwa na paja la kuku, sandwichi, yai la kuchemsha, ndizi au chungwa, kipande cha keki, juisi ya pakiti na maji. Si baya, lakini mtoto wa miaka 7 hula nusu yake na mmelilipia lote. Ukitaka maboksi, omba bei ya moja moja, chukua mawili ya watu wazima mgawane wanne, na uagize jioni kabla ya jiko kufunga, kwa sababu asubuhi saa 12 hakuna wa kukukaangia kuku.

Kwa cha kubeba kutoka nyumbani, chapati, viazi vitamu, karanga, ndizi na parachichi zisizokatwa hustahimili siku nzima ndani ya gari. Wali uliofungiwa kwenye hotpoti ukiwa wa moto unaweza kuchacha kabla ya saa 8 mchana, na pilau yenye nyama ndiyo mbaya zaidi. Kuku wa kukaanga apoe kabisa kabla ya kufunikwa. Mvuke ukibaki ndani huloanisha nyama, na joto la gari humalizia kazi. Tumia vyombo vyenye mfuniko, vikapu na karatasi, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Ukiwa kreta, eneo la kulia la Ngoitokitok lina mwewe wanaoshuka kwa kasi na kunyakua kipande mkononi, na kucha zao huchana vidole. Watoto wale ndani ya gari. Tarangire wezi ni tumbili: funga vioo hata ukitoka dakika moja.

Maji ni sehemu inayosahaulika. HB na FB kwa kawaida hazina kinywaji zaidi ya chai na kahawa ya asubuhi. Familia ya watu wanne wakipanda na kushuka garini kwa siku mbili hunywa lita nane hadi kumi. Katoni ya dukani Arusha ni sehemu ndogo ya bei utakayokutana nayo kwenye meza ya loji. Uliza tu kama wanaruhusu kinywaji cha nje chumbani; mgahawani karibu wote hawaruhusu.

Ya pili: BB, kwa hoteli za mjini, na kwa wanaorudi Kilimanjaro Desemba

Moshi mjini, Arusha mjini na Mji Mkongwe Zanzibar, usilipie mlo wowote zaidi ya kifungua kinywa. Mita chache kutoka mlangoni kuna mtori, machalari, nyama choma au mishkaki kwa bei ambayo bufee haiwezi kuifikia, na kwa Zanzibar kuna vibanda vya chakula vya Forodhani jioni. Kifungua kinywa chenyewe kitumie vizuri: familia ikila saa 3 asubuhi badala ya saa 1, cha mchana kinasogea hadi saa 9, na mnabaki na mlo mmoja tu wa kununua siku hiyo.

Wanaokuja Rombo, Marangu, Machame au Kibosho kwa Krismasi na kulala hotelini kwa sababu nyumba ya mzee imejaa, hawa hasa wasiguse HB. Asubuhi mko kwa shangazi, mchana kwa baba mkubwa, jioni mbuzi amechinjwa. Huwezi kukataa sahani ya bibi kwa sababu umelipia bufee mjini. Kuna jambo moja la kuuliza, nalo ni muhimu: baadhi ya hoteli huweka chakula cha sikukuu cha lazima tarehe 24, 25 au 31 Desemba, kinacholipiwa na kila mgeni hata wa BB. Kijue kabla ya kutuma malipo ya awali.

Ya tatu: fulu bodi, ndani ya hifadhi tu

Ndani ya Serengeti, ukingoni mwa Ngorongoro au katikati ya Tarangire, FB mara nyingi ndiyo bei pekee inayotolewa, na ni sawa. Hakuna mama ntilie porini, usiku huruhusiwi kutembeza gari, na kibali cha kuingia kwa kawaida ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo kutoka nje kwenda kula kunaweza kukugharimu kibali kingine. Hapa usibishane na mpango. Bishana na milo iliyomo. Kama mnafika saa 6 mchana na kuondoka asubuhi na mapema, omba mlo wa mchana wa siku ya kuondoka uhamishiwe siku ya kufika. Jiko likijua siku mbili kabla, halipotezi chochote. Mwezi wa Ramadhani omba cha mchana kibadilishwe kuwa daku, na upate saa kamili ya kuletwa chumbani.

Masika, Aprili na Mei, bei hushuka na wageni ni wachache. Bufee ikikosa wageni wa kutosha huondolewa, na badala yake huletwa menyu maalumu: supu, sahani moja kuu, kitindamlo. Kwa mtoto anayekula kuku na chipsi tu, hiyo ni tofauti kubwa. Uliza.

Ya mwisho: AI, kwa ufukweni na kwa familia chache

Toa FB kwenye AI, gawanya kwa bei ya kinywaji kimoja. Tofauti ikiwa 90,000 kwa mtu mzima kwa siku na bia ni 8,000, unatakiwa kunywa bia 12 kila siku ili pesa irudi. Kwa soda ya 5,000 ni 18. Asiyetumia kilevi ameshapoteza kabla hajavua viatu. Hoteli nyingi pia haziruhusu mmoja wa chumba achukue AI na mwenzake HB. Vinywaji vilivyomo kwa kawaida ni vya nchini, kama bia za Kilimanjaro, Safari au Serengeti, wala si vilivyomo kwenye friji ya chumbani. Nungwi, Paje na Jambiani vijijini kuna migahawa ya kutembea kwa miguu, kwa hiyo HB au hata BB hutosha. AI ina maana pale tu hoteli iko peke yake ufukweni na watoto ni wengi, wanaodai juisi na aiskrimu kila nusu saa.

Profoma iandikwe nini

Omba milo iandikwe tarehe kwa tarehe, si herufi mbili tu: “Jumamosi: kifungua kinywa, boksi la mchana, chakula cha jioni”. Umri wa watoto uandikwe pia, kwa sababu hoteli nyingi humhesabu mwenye miaka 12 kuwa mtu mzima, na hilo hujitokeza mapokezini wakati umeshachelewa kubishana. Kama umekodi gari lenye dereva, ulizia malazi na chakula chake. Zipo bei za madereva, lakini haziingii kwenye HB yako.

Linganisha bei zilizo na VAT kwa zilizo na VAT. Bufee ya 45,000 isiyo na kodi, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, inakuwa 53,100, na hiyo pekee hubadilisha jibu la mgawanyo wa juu. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kunukuliwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai profoma ya shilingi. Dai pia bei ya raia, na mbebe vitambulisho vya NIDA vya watu wazima wote, maana bila kitambulisho mapokezi wanaweza kukutoza bei ya mgeni, chakula kikiwemo.

Malipo ya awali yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la hoteli lilelile lililo kwenye profoma, na upate risiti ya EFD. Vinywaji mtakavyosaini mezani viombee bili usiku wa mwisho, kabla ya kulala. Mhudumu aliyewahudumia bado yupo zamu, na soda mbili za meza ya jirani zinafutwa papo hapo. Saa 12 asubuhi hamtamkuta.