Arado E.381: Rubani Atatokea Wapi?

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani kuna kitu kimenichekesha na kuniudhi kwa pamoja: modeli ya Arado E.381, kipimo cha 1:72. Ndege ya kivita ya roketi, Wajerumani waliichora mwishoni mwa 1944, na haikuwahi kuruka. Injini yake ya roketi, ya Walter, siielezi, tulishaichambua kwenye video ya Komet, ndege nyingine ya roketi ya Wajerumani.

Ninachotaka mkione ni hiki. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Rubani kalala kifudifudi, usoni ana kioo kinene cha milimita 140. Hilo naliafiki: mwili mwembamba, mpiga bunduki wa B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, akose pa kulenga. Akili kubwa! Sasa tazama mlango. Uko juu, mgongoni. Na ndege hii haipai yenyewe, inabebwa chini ya tumbo la Arado 234, ile ya jeti. Hii 234 nilikuwa nayo kabatini. Naishusha juu yake, taratibu... tak! Mlango uko wapi? Natia ukucha. Haupiti. Yaani rubani anaingia kwanza, ndipo anafungiwa chini ya mama, yaani hiyo 234 inayombeba. Mama akishika moto njiani je? Naigeuza upande wa pili, maana najua kuna watakaosema nimepachika vibaya. Ukucha tena. Wapi! Na humo ndani kalala na mafuta ya roketi.

Msiniletee habari za Natter, ile ndege nyingine ya roketi ya Wajerumani, kwamba nayo ilikuwa hatari. Ndiyo, ilimuua rubani wake wa majaribio, Lothar Sieber, Machi 1, 1945, lakini kwenye Natter rubani kuruka na parachuti ndiyo ilikuwa mpango wenyewe. Hiyo tunaifungua wiki ijayo, kwa hiyo jiunge na chaneli kabisa.

Bei? Usafiri na ushuru vimezidi modeli yenyewe, na stika zimefika zimekunjamana. Nilikuwa niseme msinunue. Ila jamani, itazameni ikining'inia hivi, na hako kamzinga kamoja ka milimita 30... ni nzuri, bwana. Basi nunueni, lakini 234 msiigundishe. Weka sumaku ndogo, itoke na kurudi, ili mtu akija nyumbani umwonyeshe ule mlango. Rangi napaka kesho, mubashara, saa mbili usiku.