Baiskeli nyeusi ya gia moja, Kigoma hadi Bukoba kupitia Kigali: uzoefu wangu

Ninachokipima hapa ni ile baiskeli nyeusi ya chuma inayobeba mkaa, ndizi na madumu ya mawese Kigoma nzima: gia moja, tairi 28, breki za vyuma, keria pana. Tuliitumia wawili, kila mtu na yake, wakati wa kiangazi, kwa njia ya Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Rusumo, Kigali, Gatuna, Kabale, Mbarara, Mutukula mpaka Bukoba. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Jibu langu fupi: kupanda inavumilika, kushuka ndiko kunakotaka akili. Mlima ukikushinda unateremka kwenye kiti unasukuma. Mteremko ukikushinda, huna pa kushika.

Sababu ya kuichagua ni vipuri. Kokote penye fundi aliyekaa chini ya mwembe na ndoo ya maji, tairi 28 ipo, tyubu ipo, gololi zipo. Baiskeli ya gia 18 ni nyepesi na tamu, lakini kishika cheni chake cha nyuma kikipinda kabla ya Kakonko, utaibeba begani. Jihadhari tu na neno "28". Tairi ya baiskeli nyeusi imeandikwa 28 x 1 1/2, na ukisoma ubavuni utakuta namba 635. Zipo tairi za baiskeli za mashindano zinazoitwa 28 pia, ila zimeandikwa 622. Haziingiliani hata kwa kulazimisha, maana tofauti ni milimita 13 nzima. Muuzaji akikwambia "ni ile ile", mwambie akuoneshe namba.

Kabla ya kuondoka badilisha friwili, yaani ile gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga. Nyingi huja na meno 18 nyuma na 44 mbele. Hapo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 5 na nusu. Tambarare ni raha, lakini milima ya Kasulu itakutoa magoti. Weka friwili ya meno 22: mzunguko unakuwa mita 4 na nusu hivi, na ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika bado unakwenda kilomita 16 kwa saa. Cheni itakuwa fupi, kwa hiyo ongeza pingili mbili. Fundi asiifungue friwili ya zamani kwa patasi na nyundo kama walivyozoea, maana ile midomo ya kushikia ikivunjika haitoki tena. Nunua ule ufunguo wake wa meno mawili (au manne, angalia friwili yako kwanza) na usafiri nao. Umuhimu wake utauona kwenye spoku.

Kotapini ndizo zinazokatisha safari nyingi kuliko pancha. Ni zile pini mbili za chuma zinazoshika mikono ya pedali kwenye ekseli. Dalili ya kulegea ni mlio mmoja mkavu kila pedali inapozunguka, halafu unahisi mguu unateleza kidogo kabla ya kushika. Watu hukimbilia kukaza nati. Nati haikazi pini. Inaishikilia tu isirudi, na ukiilazimisha uzi unakatika. Pini inakazwa kwa kugongwa, huku mkono wa pedali umeegemezwa chini kwenye chuma au jiwe zito ili gololi za ndani zisiumie, kisha nati inafuata. Mbili zielekee pande tofauti, la sivyo pedali hazitanyooka mstari mmoja. Mpya hukaa vibaya mwanzoni: zigonge tena baada ya kilomita kama 50. Beba nne, na zijaribu nyumbani, kwa sababu ya milimita 9 na ya 9.5 huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Sasa breki, na hapa nakaa kidogo. Breki hizi hazibani ubavu wa rimu. Vile vyuma virefu vinavuta vipande vya mpira kwenda juu vikagonge rimu kwa upande unaotazama hubu, yaani kitovu cha gurudumu. Muundo huu una ubaya wa aina tatu. Wa kwanza, rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, mpira unateleza kama sabuni. Unakamua mkono mzima na baiskeli inaendelea na safari yake. Wa pili, ukivuta gurudumu la nyuma ili kukaza cheni, umbali wa mpira na rimu umebadilika, kwa hiyo kila unapokaza cheni rekebisha na breki ya nyuma hapo hapo. Wa tatu, viungo vya vyuma vina nati ndogo zinazolegea kwa mtikisiko, na hutajua mpaka siku ukishika ukakuta kishikio kinagusa usukani. Asubuhi, kabla ya chai, shika zote mbili: zinapaswa kuuma kishikio kikiwa nusu ya njia.

Kwenye mteremko mrefu usishike mfululizo. Mpira unapata moto, unakuwa mgumu na kung'aa, halafu haushiki tena. Uparuze kwa msasa au jiwe la sakafu. Shika kwa nguvu, punguza mwendo, achia, shika tena, na uanze ukiwa bado polepole. Mzigo ukizidi kilo 25 au lami ikiwa imelowa, shuka usukume. Kati ya Kigali na Gatuna ni kilomita kama 80 tu, lakini kwa baiskeli hii ndiyo siku ngumu kuliko zote, na nusu ya ugumu ni kushuka. Usiige wabeba mkaa wanaobana tairi kwa soli ya katambuga. Wao wamezaliwa nayo. Wewe mguu utaingia kwenye spoku. Wala usidandie lori kupanda mlima. Mwenye uwezo wa kutafuta gurudumu la nyuma lenye breki ya kukanyaga kinyume na alitafute, ila ajue kwamba friwili na ufunguo wake vinabaki nyumbani, na vipuri vya hubu hiyo si vya kila kijiji.

Spoku: 40 nyuma, 32 mbele. Zinazokatika ni za nyuma, upande wa cheni, pale zinapopinda kama kiwiko kwenye hubu, kwa sababu uzito wote umekaa kwenye keria. Ndiyo maana ya ule ufunguo: bila kutoa friwili, spoku ya upande huo haipiti. Beba sita za nyuma na tatu za mbele, uzifunge kwa mpira kwenye bomba la fremu. Usiendelee na spoku iliyokatika ukisema utaiona kesho. Rimu inapinda, breki inaanza kuuma upande mmoja, na ya pili inakatika jioni.

Pancha ni mbigiri. Kiangazi zimekauka na kutapakaa pembeni mwa barabara, basi usiegeshe baiskeli kwenye nyasi, iegeshe kwenye lami au kwenye udongo uliofagiliwa. Ukanda wa tyubu kuukuu uliolazwa kati ya tairi na tyubu unapunguza pancha kabisa, ingawa unaongeza uzito. Pia kabla ya kulaumu tyubu, angalia valvu: kile kimpira chembamba cha ndani huoza kwa jua na upepo unatoka taratibu usiku. Beba kipande cha sentimita 10, unakata kidogo kidogo.

Mzigo usizidi kilo 20 kila mtu. Dumu la mafuta la lita 20 likikatwa ubavuni na kufungwa kila upande wa keria ni mfuko usiopitisha mvua, na halikugharimu kitu. Funga kwa mipira ya tyubu, kamba inalegea. Maji lita 5 kila mmoja, hasa kuanzia Kakonko mpaka Nyakanazi na kutoka hapo kwenda Rusumo, ambako malori ya Rwanda ni mengi na bega la barabara si la kutegemea. Kipande hicho kimalizwe mapema mchana. Chakula hakisumbui, dagaa wakavu wa kwetu wanakaa wiki mbili, na Uganda kila kona kuna chapati ya mayai.

Mipakani: pasipoti, kadi ya homa ya manjano na risiti ya baiskeli. Mifuko ya nailoni iache. Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, na hata kwetu ni marufuku tangu 2019. Ukivuka daraja la Rusumo unahamia kulia kwa barabara, na Gatuna unarudi kushoto. Kioo cha pembeni nacho kihame: kulia ukiwa Tanzania na Uganda, kushoto ukiwa Rwanda. Saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo jua linatua kama saa 12 jioni ya huko. Ukipanga siku kwa mazoea ya Kigoma, giza litakukuta njiani.

Mkienda wawili, baiskeli zifanane mpaka nati. Seti moja ya vipuri inatosha wote, na mkikwama sana mnanyofoa kwenye moja kuokoa nyingine. Vifaa apande navyo anayekaa nyuma, maana wa mbele akiharibikiwa atafikiwa, lakini wa nyuma akiharibikiwa bila sipana atabaki akipiga mluzi. Kwa kasi ya baiskeli hii kilomita 70 kwa siku ni za uhakika. 90 ni siku ya tambarare.

Kurudi, kuna meli Bukoba hadi Mwanza, kisha treni mpaka Tabora, ambako njia ya Kigoma inaachana na ya Mwanza. Baiskeli huenda kwenye behewa la mizigo. Toa kioo, taa na pampu, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na ufungue pedali: ya kulia kama nati za kawaida, ya kushoto kinyume. Mkikaa Tabora siku mbili kusubiri treni, msiziache uani penye vumbi. Mbigiri za huko hazina tofauti na za kwetu.