Bethlehem, Pennsylvania: Ziara ya Miguu katika Mji wa Wamoravian

Mmoravian wa Rungwe au Tabora atakayejaliwa kufika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, asiache kuutembelea mji wa Bethlehem, ambao watu wa kanisa lake waliuanzisha mwaka 1741, yaani miaka 150 kabla ya wamisionari wao kufika Rungwe. Majengo ya kale yamekaribiana kiasi kwamba ziara yote hufanyika kwa miguu.

Pa kuanzia ni Gemeinhaus, nyumba ya magogo ambayo sasa ni makumbusho, kwa kuwa hapo ndipo mgeni anapoelewa jinsi watu walivyoishi, wakasali na kufanya kazi chini ya paa moja. Hadi mwaka 1762 jumuiya hiyo haikulipana mishahara. Kila mmoja alitoa kazi yake, naye akapewa chakula, mavazi na malazi. Mtambo wa maji uliojengwa kwa mawe mwaka huo bado umesimama karibu na kijito cha Monocacy, na wapenda ufundi watafurahi kuuona.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilele cha ziara ni makaburi ya zamani. Mawe yote yamelazwa bapa juu ya ardhi, wala hakuna la tajiri lililoinuka kuliko la maskini. Marehemu hawakuzikwa kwa familia, bali kwa makundi ya jinsia, umri na hali ya ndoa, hivyo Wamohican (wenyeji asilia wa Amerika) na Waafrika wamelala pamoja na Wazungu. Usawa huo unagusa moyo, lakini usimsahaulishe mgeni kwamba jumuiya hiyohiyo ilimiliki watumwa, na baadhi yao wamo humo.

Moravian Book Shop, duka la vitabu lililoanza mwaka 1745, ningeliacha liwe la mwisho, kwa sababu nyota zake za mapambo za Kimoravian zenye ncha 26 zinaweza kumla mtu saa nzima (na fedha pia).

Tangu mwaka 2024 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na makazi mengine ya Wamoravian: Herrnhut (Ujerumani), Gracehill (Ireland ya Kaskazini) na Christiansfeld (Denmark). Desemba hujaa watu, kwani Bethlehem hujiita Mji wa Krismasi tangu 1937. Anayetaka kuyasoma makaburi kwa utulivu achague Mei au Septemba.