Feni, dari au kiyoyozi: kipi umnunulie mzee kwa ajili ya joto la kaskazi

Kuanzia Disemba hadi masika yanapokaribia, joto la kaskazi huwaelemea wazee kuliko watu wengine wa nyumbani, kwa sababu mwili wa mtu mzima sana hutoa jasho kidogo, kiu humjia kwa kuchelewa, na baadhi ya dawa za presha humpunguzia maji mwilini. Ndiyo maana watoto na wajukuu walioko mjini, Dar es Salaam au Uarabuni huuliza ni chombo gani cha kumnunulia bibi au babu aliyebaki huku Zanzibar, iwe Makunduchi, Wete au kwenye nyumba ya zamani ya Ng'ambo. Mara nyingi huanza kwa kutafuta kinachopoza zaidi. Kwa maoni yetu, swali la kwanza ni lile la chombo ambacho mzee mwenyewe atakubali kukiacha kikiwaka usiku kucha, kwani wazee wengi huiangalia mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwa jicho kali, na chombo kinachokula umeme huzimwa mara tu mgeni aliyekileta anapopanda daladala.

Hesabu yake ni nyepesi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Feni ya kawaida ya wati 75 ikiwaka saa 10 za usiku hutumia robo tatu ya uniti. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huvuta takriban wati 1,000 kompresa yake inapofanya kazi, kwa hiyo hata ikipumzika nusu ya usiku huo, uniti 5 zitakuwa zimekwenda, nazo zinakaribia kutosha feni kwa wiki nzima. Mzee anayetegemea Pensheni Jamii, iliyoanza kutolewa na Serikali ya Zanzibar 2016 kwa waliofikia miaka 70 kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa, hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Anayenunua kiyoyozi bila ya kujifunga kulipia umeme wake amemkabidhi mzee deni.

Nafasi ya kwanza: feni ya dari

Pangaboi inastahili kutangulia kwa sababu ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni kwamba haina waya unaopita sakafuni. Mzee huamka usiku kwenda msalani, pengine bila ya kuwasha taa, na kuanguka ni hatari kubwa kwake kuliko joto lenyewe. Swichi ya ukutani nayo ameizoea, haihitaji kuinama.

Kwa chumba cha kawaida cha kulala, feni ya inchi 48 inatosha. Ile ya inchi 56 inafaa ukumbini. Mapanga yawe juu ya sakafu kwa mita 2.3 angalau, na yasibanwe karibu mno na dari, kwa sababu feni iliyobanwa hukosa hewa ya kusukuma. Ukiweza kuongeza fedha, tafuta zile za mota ya DC, ambazo hutumia takriban wati 30 badala ya 75 na huja na rimoti. Bei yake iko juu, lakini kwa feni inayowaka kila usiku tofauti hiyo hurudi kidogo kidogo kupitia mita.

Yako mambo mawili ya kuangalia kabla ya kununua. La kwanza ni pahala pa kuitundika. Katika nyumba za mawe na chokaa, dari hubebwa na boriti, na boriti ya miaka mingi inaweza kuwa imeliwa na mchwa ndani huku nje ikionekana nzima. Fundi aigonge na kuitoboa kwanza. La pili ni chandarua. Kilichofungwa kwa kamba katikati ya dari hakiwezi kukaa pamoja na pangaboi, ilhali kitanda cha besera, ambacho nguzo zake nne hukibeba chandarua chenyewe, hakina tatizo hilo. Usimwondolee mzee chandarua kwa ajili ya feni.

Na kabla hujanunua mpya, uliza ile ya zamani ina nini. Feni inayozunguka kwa uvivu mara nyingi imechoka kapasita tu, kifaa kidogo cha bei ndogo ambacho fundi hukibadilisha kwa muda mfupi.

Nafasi ya pili: feni ya kusimama

Hii ndiyo inayouzwa sana madukani Darajani na Mlandege, mjini Unguja, na ndiyo inayofaa kwa nyumba ya kupanga au chumba kisichokuwa na dari madhubuti. Uzuri wake ni kwamba humfuata mzee, mchana ukumbini, usiku chumbani. Chagua yenye kitako kizito, wavu wa matundu madogo kwa ajili ya vidole vya wajukuu, na vitufe vilivyo juu kwenye nguzo. Rimoti ni jambo la maana kwa mzee asiyeinuka kwa wepesi, si anasa.

Wazee wengi husema upepo wa feni huwaingia mifupani, na si busara kubishana nao. Iache feni izunguke kushoto na kulia, au ielekeze miguuni. Waya upitishwe kando ya ukuta, usikatize njia. Feni yenyewe haipozi hewa, bali huisaidia ngozi kukausha unyevu, kwa hiyo kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa mikononi au shingoni mbele ya feni humsaidia mzee asiyetoka jasho la kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitumiwe joto la hewa linapozidi nyuzi 40, kwani hapo humwongezea mtu joto. Visiwani kwetu kinachotusumbua ni unyevu, na kipimajoto hubaki chini ya hapo.

Jihadhari na mitumba kutoka Japani, ambako umeme ni wa volti 100. Wetu ni wa volti 230, na chombo kama hicho kikichomekwa bila ya transfoma huungua.

Nafasi ya tatu: dari chini ya mabati

Dari tumeiweka ya tatu kwa sababu ya gharama tu. Nyumba ya mabati yasiyo na dari hugeuka tanuri kuanzia saa tano asubuhi, na pangaboi ndani yake huteremsha chini joto lililokusanyika juu. Kwa nyumba ya namna hiyo, ukiwa na fedha za kitu kimoja kikubwa, piga dari katika chumba cha mzee kwanza, uache matundu ya kupitishia hewa juu yake, halafu ongeza feni ya kusimama. Aliyeezeka kwa makuti hana haja ya sehemu hii.

Nafasi ya nne: feni ya kuchaji

Hii ni ya akiba. Wenye kumbukumbu hawajasahau kiza cha Unguja cha Mei 2008, wala kile kilichoanza Disemba 2009 kikaendelea hadi Machi 2010, yaani katikati ya joto lenyewe. Tangu hapo Pemba imepata waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga, 2010, na Unguja ikapata mpya 2013, lakini umeme bado hukatika. Chagua yenye betri ya lithiamu, au angalau yenye tundu la kuunganishia paneli ya sola. Betri ya madini ya risasi ikiachwa tupu kabatini miezi kadhaa hufa, kwa hiyo ichajiwe hata wakati wa kipupwe.

Nafasi ya tano: kiyoyozi

Kina haki yake pale daktari alipokishauri na pale mtoto analipa umeme moja kwa moja. Basi kiwe cha inveta, ambacho kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzimika, BTU 9,000 kwa chumba kidogo, na chumba kiwe kinafungika. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, kutu hukila kitengo cha nje. Ndani ya Mji Mkongwe, ulinzi wa sura ya majengo unamaanisha kwamba uwaone Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kutoboa ukuta wa nje.

Visivyofaa kununuliwa

Feni za maji, zinazotangazwa kama kiyoyozi cha bei nafuu, hufanya kazi vizuri kwenye mikoa yenye hewa kavu kama Dodoma. Hapa, ambapo hewa imeshajaa unyevu, huongeza unyevu juu ya unyevu, na chumba kikifungwa humfanya mzee apumue kwa tabu zaidi.

Dukani, omba feni iwashwe kwa kasi zote tatu, usikilize mlio wake kwa karibu, kisha uchukue risiti yenye muda wa dhamana. Kwa anayetuma kutoka mbali, fundi wa kuifunga alipwe papo hapo pamoja na feni, vinginevyo itakaa katika boksi lake chini ya kitanda hadi kaskazi nyingine.