Taa imeniunguzia matumbawe, wao wananiambia "mimea hupenda mwanga"

Nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi. Nitafika huko, kwanza niteme nyongo.

Miaka yote nilitumia taa za mirija juu ya tangi langu la matumbawe. Zilipoanza kufifia nikaamua kuhamia LED, na sikukurupuka. Anayefuga matumbawe anajua: huwezi kulitoa tumbawe kwenye mwanga liliouzoea ukalianika kwenye mwanga mkali siku hiyo hiyo. Ndani ya nyama yake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ndio unaolipikia chakula. Mwanga ukizidi ghafla, mwani huo huanza kutoa oksijeni ya aina inayounguza seli za mwenyeji, naye huutapika. Ndiyo kupauka kwenyewe. Kwa hiyo nilianza na asilimia 30, nikaitegesha taa iwe inapanda kidogo kidogo kwa wiki 6. Nilichoinunulia ni hicho hasa, ule mpangilio wa kuzoesha.

Wiki ya tatu, au ya nne, sikumbuki vizuri, umeme ukakatika kwa dakika chache usiku. Ukarudi. Asubuhi nikasafiri zangu. Kumbe taa imesahau kila kitu! Imerudi ilivyotoka kiwandani: asilimia 100, nyeupe pee, kwa muda wa saa 12 kila siku. Kwenye simu hakuna hata ujumbe mmoja. Baadaye niliazima kipimo cha PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia kupikia chakula. Pale alipokaa Euphyllia wangu, tumbawe lenye minyiri mirefu laini, chini ya mirija palikuwa panasoma 110 hivi. Chini ya taa hii ikiwa imefunguliwa yote, 380.

Niliporudi, yule Euphyllia ambaye minyiri yake huwa inayumba mchana kutwa alikuwa amejikunja ndani ya kikombe cha mifupa yake, nyama imekonda kama karatasi iliyolowa. Upande ulioitazama taa ulikuwa mweupe, upande wa kivulini bado wa kijani, na mpaka kati yao umenyooka utadhani umepigwa kwa rula. Uyoga wa chini ya mwamba (nao ni aina ya tumbawe) ulikuwa umesinyaa tu, wenyewe nao una kivuli chake.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, na picha sita juu. Jibu: "Mpendwa mteja, mimea ya baharini hupenda mwanga. Rangi kwenye picha inaonekana nzuri sana."

Mimea! Jamani, tumbawe ni mnyama. Lina mdomo, lina tumbo, ukilipa uduva linaushika na kuumeza mbele ya macho yako. Mtu anauza taa za matumbawe na hajui anamuuzia nani mwanga.

Halafu hiyo "rangi nzuri". Aliyeonekana mzuri kwenye picha alikuwa Acropora, tumbawe la matawi, wa juu ya mwamba. Chini ya mirija alikuwa wa kahawia, na wiki zile za mwanzo za LED akageuka zambarau laini, nikawa naita watu waje waone. Sasa ukahawia ule ni mwani wenyewe, na mwani ukipungua rangi za tumbawe lenyewe ndizo hujitokeza. Kupungua kidogo si ugonjwa. Lakini niliporudi safarini zambarau ilikuwa inang'aa kama plastiki, na ncha za matawi zimeanza kuwa nyeupe. Kwa hiyo ile nyota ya rangi hata sijui kama naitoa kwa taa au kwa mgonjwa.

Kusema haki, kwenye karatasi ya maelekezo, nyuma kabisa, kuna mstari mmoja: shikilia kitufe sekunde 5 ili mpangilio uhifadhiwe umeme ukikatika. Sikuusoma. Lakini kitu cha kuua tangi zima unakifichaje chini ya maelezo ya kufuta vumbi?

Nimeirudisha asilimia 20, nimetandika wavu juu ya tangi, na kitufe nimekishikilia sekunde 10 kwa hasira. Acropora sina hakika naye. Euphyllia jana usiku alitoa minyiri miwili mitatu, mifupi, nikamwekea uduva akaupokea. Na ikiwa chini hivi, kwenye bluu yake ya jioni, taa ni nzuri kweli, siwezi kudanganya. Basi nyota mbili.

Hapana. Nimelisoma tena lile jibu lao. Moja.